Mtamba wa Mwagindu

Basi bwana, msimu ule wa kwanza wa soko huria Bariadi ilijaa vumbi, dizeli na maneno. Maneno ndiyo yalizidi. Miaka yote pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, Chama Kikuu cha ushirika, na ukimchukia umechukia bure, utampelekea nani mwingine? Halafu serikali ikasema haya, milango iko wazi, mwenye hela anunue. Ghafla mji ukafurika wageni wenye pikapu zinazong'aa na mizani mipya, wanapanga vyumba, wanapaka mabango rangi, wanamwita mkulima "mteja wangu". Mteja! Mtu aliyezoea kuambiwa "wewe, rudi kwenye foleni".

Na katikati ya zogo lote hilo, mwisho kabisa wa korido ya Chama Kikuu, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya magunia, alikaa Nyanjige na redio yake.

Siyo redio ya muziki. Redio koli, ile ya kubonyeza kitufe, unasema, unamalizia na "ova", unaachia, unasubiri mwenzako aseme. Kila chama cha msingi kijijini kilikuwa na ya kwake, inakula betri ya gari, na kila asubuhi Nyanjige aliwaita mmoja mmoja. Mwagindu, unanipata? Nakupata, Bariadi. Wote wako kwenye mawimbi yale yale, kwa hiyo anachosema mmoja wanasikia wote.

Nyanjige mwenyewe ni binti Malimi, mtoto wa hapa hapa. Alikwenda Moshi kusomea ushirika, akarudi na cheti, nywele za kalikiti na mawazo mengi kuliko nafasi za kazi. Aliomba idara ya elimu ya wanachama. Wakamwambia idara hiyo haina bajeti, lakini una sauti nzuri, kaa kwenye redio. Akakaa. Na alikuja kuipenda kazi ile mpaka Jumapili ilimchosha, kwa sababu hakuna redio.

Maana shughuli zenyewe zilikuwa fupi. Magunia yamebaki kadhaa, lori lije lini, basi. Kilichofuata ndicho kilikuwa kitamu. Makatibu walipiga soga. Huyu mizani yake imekwama, yule anamfundisha hewani jinsi ya kuifungua bila kuivunja. Huyu kuku wake wanakufa kwa mdondo, mwingine anamtajia majani. Daraja fulani limekatika, dereva fulani anapokea sigara lakini habebi mzigo, mkulima fulani anaweka mawe kwenye gunia, angalieni. Nyanjige alikuwa anawaunganisha tu, wewe muulize fulani, fulani mjibu mwenzako, ova. Chuoni walimfundisha sura nzima ya namna ya kueneza ujuzi ndani ya chama. Hakuna mahali walipoandika kwamba ujuzi unapenda kutembea na umbeya.

Wengi wao hakuwahi kuwaona. Aliwajua kwa sauti zao. Aliyempenda zaidi ni Mzee Yakobo, katibu wa Mwagindu, mwenye sauti ya kukwaruza, anayecheka kabla ya kusema kichekesho chenyewe.

"Ng'wana Malimi, umeolewa au bado? Nikuletee ng'ombe. Ova."

"Ng'ombe gani baba, si ulisema wezi walikomba wote? Ova."

"Walikomba mpaka kinyesi. Lakini nitakopa. Ova."

Na vijiji vyote vinacheka, kila kimoja kinabonyeza kitufe ili kicheko chake kisikike, mpaka redio inapiga miluzi. Ni huyo huyo Yakobo aliyetangaza kwamba binti yake Milembe amerudi nyumbani kujifungulia, uzazi wa kwanza, kwa mama yake kama ilivyo desturi. Hakusema "mimba", hasha. Alisema "amekuja kupumzika". Alitafuta neno hilo kwa makini, maana baba mkwe wa Milembe, Mzee Januarius, ni katibu wa kijiji cha jirani na alikuwa hewani anasikiliza. Wakwe hawaongei habari hizo. Wakwe hata kula pamoja ni kazi.

*

Sasa, raha haikai. Kampuni moja ya wageni ilianza kufika vijijini kabla ya lori la Chama Kikuu. Wakisikia kijiji kina pamba nyingi na magunia yameisha, kesho asubuhi wako pale na magunia yao, bei juu kidogo. Wamejuaje? Haihitaji mganga. Nao walikuwa na redio.

Meneja Biashara alikuwa Bwana Kristofa, mtu mnene mwenye haraka, siyo mbaya, ila hofu ilikuwa imemkalia kifuani. Chama kinayumba, watu wanapunguzwa, na yeye ana watoto shuleni. Akamwita Nyanjige, akafunga mlango.

"Mwanangu, kuanzia leo tunaongea ng'ombe."

"Ng'ombe, meneja?"

"Mimi nimechunga mpaka nimekuwa mkubwa. Sikiliza. Lori tunaliita nzagamba, dume la ng'ombe. Pamba safi ni mtamba. Pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili, ni ng'ombe mzee. Kununuliwa ni kuzaa. Mtamba anazaa vizuri, maana yake pamba safi inanunuliwa vizuri. Umeona?"

"Nimeona. Lakini meneja, kampuni nazo zimeajiri Wasukuma."

"Wasikie. Watasikia habari za ng'ombe. Msukuma akisikia habari za ng'ombe hashangai, anauliza rangi."

Nyanjige alitaka kucheka lakini aliona mwenzake hatanii. Na masharti yalikuwa mengi. Kila kijiji kipewe maneno yake machache tu, tofauti na ya jirani, ili mmoja akinunuliwa asiuze wote. Hakuna kuandika popote. Mtu yeyote akija hewani akisema acheni mafumbo, ongeeni wazi, huyo ni adui anawapima, msimjibu. Na soga marufuku. Atakayepiga soga ananyang'anywa redio.

"Kwa hiyo maneno yote atayajua nani?" Nyanjige aliuliza.

"Wewe. Mimi nitayajua ya maana. Yaliyobaki, wewe." Akamtazama. "Sasa, kuhusu yule rafiki yako."

Rafiki ni Naila. Naila, binti wa Mzee Tajudin mwenye duka la vitambaa pale sokoni. Nyanjige alikuwa amepanga chumba kwao, na kwa kweli chumba chake alikitumia kuwekea sanduku tu, maana maisha yote yalikuwa jikoni kwa kina Naila, wanakula sinia moja, wanasukana, wanasemana. Naila alikuwa mpiga chapa wa Chama Kikuu, akaona mishahara inachelewa, akahamia kampuni. Kampuni ile ile.

"Mnalala nyumba moja," Kristofa alisema. "Hama nyumba au hama kazi."

Akahama nyumba. Akapata chumba nyuma ya kanisa, kina dirisha moja linalotazama ukuta. Naila alimsaidia kufunga godoro, na mkono ulikuwa unafunga huku macho yanauliza.

"Nimepata karibu na kazini," Nyanjige alidanganya.

"Karibu kuliko hapa? Hapa mhasibu wenu akikohoa tunamwambia pole."

"Naila."

"Haya. Sijauliza."

Hakuuliza kweli. Hiyo ndiyo iliuma.

*

Ukitaka kujua upweke, uwe wewe peke yako unayejua. Asubuhi aliwaita kama kawaida, na sauti zikaja zimenyooka kama watoto wanaosoma mbele ya mkaguzi. Mtamba anakula, ova. Nzagamba hajaamka, ova. Ndama wana kiu, ova. Halafu kimya, mawimbi yanachemka tu kama mafuta. Katibu mmoja alijisahau akauliza tena habari ya mdondo. Kesho yake Kristofa alipeleka mtu akamng'olea redio na waya zake, kikabaki kijiji kisicho na mdomo. Tangu hapo hata kikohozi hakikusikika.

Ofisini nako wenzake walimkwepa. Akiingia chumba cha chai, maneno yanakatika. Akiuliza kitu, anajibiwa, "Si wewe ndiye unajua, sisi tunajua nini?" Justina wa masijala alimsalimia kila siku, "Shikamoo mama mwenye zizi," na wengine wanacheka chini chini. Kristofa alishamkataza kula kwa mama lishe, mdomo ukila unasema, kwa hiyo alikula chumbani kwake, viazi vya kuchemsha, anatazama ukuta. Jioni moja alisali rozari, akafika mwisho, badala ya amina akasema ova. Akasubiri kabisa ajibiwe. Alicheka mwenyewe, halafu kicheko kikamwishia mdomoni, maana hakukuwa na wa kumsimulia.

Alipita dukani kwa Tajudin mara moja, kisingizio ni uzi. Naila hakuwepo, yuko kazini. Mzee Tajudin akamkatia uzi mrefu kuliko aliouomba. "Mwanangu, umetukosea nini?" alisema. "Au sisi tumekukosea nini?" Alilipa, akaondoka, uzi wenyewe akausahau.

*

Asubuhi ile ya Mwagindu ilianza kama nyingine. Aliita, wakajibu, ng'ombe wao wakala na kunywa. Alipofika kwa Yakobo, sauti ilitoka mbali.

"Bariadi. Mtamba wangu anazaa vibaya. Tangu jana. Naomba nzagamba. Ova."

Nyanjige akarudia kama sheria ilivyotaka. "Mtamba anazaa vibaya, unaomba nzagamba. Nimekupata, Mwagindu. Ova."

Kwa mafumbo maana yake nyepesi. Pamba safi hainunuliwi vizuri, tuma lori. Alikuwa ameshageukia kijiji kinachofuata, Yakobo akaingia tena.

"Damu ni nyingi. Ova."

Damu. Nyanjige alipekua kichwa chake chote. Mwagindu walipewa mtamba, nzagamba, ng'ombe mzee, ndama, kuzaa na kiu. Damu hawakupewa. Hakuna kijiji kilichopewa damu.

"Mwagindu, rudia hapo mwisho. Ova."

"Damu, ng'wana Malimi. Damu ya mtamba. Ova."

Ng'wana Malimi. Hakumwita hivyo tangu mafumbo yaanze. Nyanjige aliweka kipaza mezani, akatoka, akaenda kwa Kristofa anakimbia nusu anatembea nusu.

Kristofa alisikiliza huku anasaini. "Anataka lori kama wenzake. Lori liko Malampaka linapakua marobota stesheni. Asubiri zamu."

"Kasema damu, meneja."

"Basi katunga neno lake. Vizuri, anaonyesha bidii."

"Mzee Yakobo hana mtamba."

"Nani kasema ana mtamba? Ndiyo maana ya fumbo."

"Ana binti."

Kalamu ilisimama. "Unajuaje?"

"Alisema. Zamani, tulipokuwa tunaongea. Amekuja kujifungulia kwao."

"Kama ni binti, kwa nini asiseme binti?"

"Mkwe wake yuko hewani, meneja. Mzee Januarius. Aseme nini mbele ya mkwe? Na wewe ulisema anayesema mengine ananyang'anywa redio. Alichobaki nacho ni maneno yale uliyompa."

Kristofa ni Msukuma, hahitaji kutafsiriwa habari ya mkwe. Aliweka kalamu chini. Mtu angeweza kuona anavyopima, huku binti wa watu, huku msimu.

"Nitatuma tarishi kwa baiskeli akaangalie," alisema.

"Atafika jioni."

"Ukiuliza waziwazi, kila mtu atajua kwamba ng'ombe wetu si ng'ombe. Kazi yote imekufa. Na wewe mwenyewe kwenye ile redio hutarudi, siwezi kukutetea. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alirudi kwenye chumba chake. Sijui kama korido ile ilikuwa ndefu hivyo siku zote, watu waliomwona wanasema alitembea polepole ajabu. Ile redio ndiyo kitu pekee kilichobaki kinamwita kwa jina la baba yake. Hata kwa mafumbo, hata sauti zikiwa zimenyooka, asubuhi kulikuwa na watu wanaomjibu. Akibonyeza na kusema, anabaki na dirisha la ukuta.

Akakaa, akabonyeza.

"Vijiji vyote, hii ni Bariadi. Mzee Januarius, nakuomba kwa heshima yako, zima redio yako kidogo. Ova."

Sauti ya Januarius ikaja, taratibu: "Ninazima, mwanangu." Ikakatika.

"Mwagindu. Baba Yakobo, niitie mama. Nataka kuongea na mama mwenyewe. Ova."

Ilichukua muda. Mama Flora, mke wa Yakobo, hakuwahi kushika kipaza maisha yake. Yalisikika mabishano ya mahali pa kubonyeza, pumzi, kuku.

"Mayu, ni mimi, mtoto wa Malimi. Ni Milembe?"

"Ni Milembe." Kwa Kisukuma, sauti ndogo. "Mtoto amekaa vibaya. Mkunga amechoka. Milembe naye haongei tena."

Nyanjige alibonyeza mpaka kidole kikauma. "Wote mnaonisikia, na msiotakiwa kunisikia. Hii siyo habari ya ng'ombe. Ni mtu. Mwagindu kuna mzazi anapoteza damu, anatakiwa hospitali ya Bariadi sasa hivi. Lori letu liko Malampaka. Yeyote mwenye gari karibu na Mwagindu, nakuomba. Narudia, ni mtu. Ova."

Aliachia kitufe. Mafuta yakachemka. Makatibu walikuwa pale, alijua, wote wameshika vipaza, na hakuna hata mmoja mwenye gari.

Halafu ikaingia sauti isiyo ya kijiji chochote. Sauti ya kike.

"Bariadi, gari lipo. Pikapu yetu iko kijiji cha pili kutoka hapo, nimeshamwambia dereva ageuze. Mzee asimame barabarani na kitambaa cheupe. Ova."

Ungemwamsha usingizini angeijua sauti ile. Aliisikia kila siku ikimwambia chumvi imezidi, geuza kichwa nisuke huku. Mdomo wake ulijaa maneno mengi mpaka yakabanana, likatoka moja.

"Nimekupata. Ova."

Kristofa alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Hakugomba. Alikaa juu ya kiroba cha karatasi kuukuu, shati limemganda mgongoni.

"Kumbe walikuwa wanatuelewa siku zote," alisema.

"Ndiyo, meneja."

"Na ng'ombe wetu wote."

"Ndiyo."

Akanyoosha mkono, siyo kwa hasira, na Nyanjige akamkabidhi ufunguo wa chumba.

*

Hospitali alimkuta mzee mdogo, mfupi, miguu haigusi chini vizuri kwenye benchi. Kwa sauti ile alikuwa amemjenga kichwani mtu mrefu kama mlingoti. Alipita mbele yake mara mbili anatafuta Yakobo.

"Mwadila, baba," alimwamkia mwishowe.

"Mwadila. Ng'wa nani?"

"Ng'wa Malimi."

Mzee alifumba macho, kama anayetaka kuisikia sauti bila kusumbuliwa na sura. "Sema tena."

"Ni mimi, baba. Wa redio."

"Wamempasua," alisema Yakobo, macho bado yamefumbwa. "Ni mzima. Na mtoto ni mzima, wa kike, amelia. Wabeja, mayu, asante sana."

Wakakaa. Hewani walikuwa wanapokezana, mmoja anamaliza, anasema ova, mwingine anaingia. Hapo kwenye benchi wote walianza kusema mara moja, wakanyamaza mara moja, wakaoneana aibu.

Naila, aliyekuwa ameipokea pikapu getini, alitoka wodini, sketi imeingia damu, viatu mkononi. Alisimama upande wa pili wa korido.

"Nilikuwa nakusikia kila asubuhi," alisema. "Wamenipa kazi ya kusikiliza. Nilikuwa nasikia hata ukiwa na mafua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wapi? Kwenye redio yenu?" Alicheka, au alitaka kucheka. "Maneno yenu tuliyajua wiki ya kwanza. Nzagamba ana magurudumu, nani asijue. Ila damu ilinishtua. Nilikuwa nasubiri useme. Nikasema Nyanji asiposema, nitasema mimi, na kazi iende."

"Imekwenda?"

"Bosi ananisubiri. Pikapu ilikuwa na hela za kununulia, nimeigeuza bila kuuliza. Wananipeleka Mwanza, nadhani, nikakae kwenye mafaili." Akavaa viatu. "Chumba chako hatujampangisha mtu."

Akaenda. Nyanjige alitaka kumwambia kitu, lakini dereva alikuwa ameshapiga honi.

*

Sasa sikilizeni vituko. Kristofa aliweka kijana mwingine kwenye redio, Mihayo, mwenye adabu, ambaye ng'ombe kwake ni nyama. Akaagizwa, waambie wote waache mafumbo, siri haipo tena. Akawaambia. Hakuna aliyejibu. Akawaambia tena. Wakajibu, mtamba anakula, ova.

Kwani waliambiwaje? Atakayekuja hewani akasema ongeeni wazi, huyo ni adui anawapima. Na sauti hii mpya, hawaijui. Kwa hiyo kadri Kristofa alivyozidi kuamuru, ndivyo walivyozidi kuchunga. Kijiji kimoja kilisema ng'ombe mwenye baka amevunjika pembe, na hakuna mtu Chama Kikuu kizima aliyejua maana yake. Lori likapelekwa kwenye kijiji kisicho na pamba. Magunia matupu yakapelekwa kwa waliotaka mizani. Kristofa alikwenda mwenyewe hewani, akataja jina lake na cheo chake, katibu mmoja akamjibu kwa upole kabisa kwamba hata fisi hujiita mchungaji akitaka kuingia zizini.

Ndipo alipokuja nyuma ya kanisa, mchana, amebeba kofia yake mkononi.

Justina alishamwahi. Alipita asubuhi, safari hii bila "mama mwenye zizi", akamshika Nyanjige mkono. "Watakuja. Usiseme bure, shoga. Wakurudishie kazi kwanza, kwa maandishi. Ukishatoa ulichonacho watakupita kama ganda la muwa."

"Najua," Nyanjige alisema.

Kristofa alikaa kwenye kitanda kwa kuwa kiti hakikuwepo. "Baka ni nini?"

"Ng'ombe mwenye baka ni mizani."

"Na pembe?"

"Nitayasema yote," alisema Nyanjige. "Ila siyo kwako. Niache niyaseme hewani, mara moja, kila kijiji kisikie maneno ya kila kijiji. Na yule mliyemng'olea redio arudishiwe."

"Siwezi kukurudisha kazini, mwanangu. Bodi imeshaandika."

"Sijaomba."

Mtu mzima akageuza kofia mikononi. "Kwa nini hujaomba?" aliuliza, na kwa kweli alitaka kujua. Nyanjige alisema tu kwamba amechoka kuyabeba peke yake.

Asubuhi yake alikaa kwenye kiti chake, Mihayo amesimama nyuma kama mtu wa msibani. Akabonyeza. "Vijiji vyote, hii ni Bariadi. Ni Nyanjige binti Malimi." Na wakamjua, kimoja kimoja, hata kile kilichorudishiwa mdomo. Akaanza na nzagamba, akaenda, mtamba, ndama, baka, pembe, kiu, neno la huyu na neno la yule, na kumbe wawili walikuwa wanaita kitu kimoja kwa majina tofauti na wawili wanaita vitu tofauti kwa jina moja. Kicheko kikaanza Mwagindu. Kikasambaa. Mzee Januarius akamuuliza Yakobo, kwa heshima zote, kama mjukuu wao ananyonya vizuri, na Yakobo akajibu ananyonya kama nzagamba, halafu akajirekebisha, namaanisha dume, siyo lori.

Alipomaliza hakukuwa na kitu kilichobaki kichwani ambacho wengine hawana. Alimpa Mihayo kipaza, akamwonyesha kitufe kinachoshika vibaya wakati wa baridi, akatoka, akavuta mlango.

Alisimama kwenye korido. Ndani zilisikika sauti, zinapandana, zinakatizana, Mihayo anajaribu kuzipanga. Mmoja anaeleza daraja lililokatika, mwingine anabisha kwamba halijakatika, limeinama tu, pitia upande wa mto. Alingoja kuona kama atatokea mtu wa kumtaja. Hawakumtaja, walikuwa na mambo mengi ya kuambiana. Alisikiliza habari ya lile daraja mpaka walipokubaliana, ilichukua muda mrefu, kisha akashuka ngazi kwenda kutafuta chai kwa mama lishe, akakuta benchi lote ni lake, maana wenzake walikuwa bado kazini.